Mkono Uliomficha Daktari

Baba,

Wewe uko nyuma ya nyumba kule Kyimo, pale migomba inapoishia na miparachichi inapoanza, na mimi niko Tukuyu mjini, kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama mlima. Kati yetu si mbali. Ningeweza kuja leo hii nikasema haya nikiwa nimechuchumaa karibu yako, kama ninavyofanya kila nikifika nyumbani. Lakini pale mama husikia kila kitu, na mimi husema vizuri zaidi nikiandika. Wewe ndiye uliyenifanya niwe hivyo.

Jumanne iliyopita niliandika jambo letu kwenye karatasi ya ofisi. Niliandika na jina lako kamili, likapigwa muhuri. Nataka ulisikie kwangu kwanza, tangu mwanzo, ingawa mwanzo unaujua kuliko mimi.

Mwanzo ninaoukumbuka mimi ni panga. Nilikuwa bado sijaanza shule. Ulikuwa ukinichukua asubuhi, majani yakiwa bado yanadondosha maji, ukitangulia wewe na mimi nyuma nimevaa sweta lako lililofika magotini. Ulipofika katikati ya migomba ulikuwa unageuka kutazama njia, kama mtu anayehakikisha hakufuatwa, halafu unahamisha panga kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Tangu hapo ulikuwa mtu mwingine. Jani kavu lilianguka kwa pigo moja. Mgomba uliokwisha kuzaa ulilala pale pale ulipotaka ulale. Nilipenda kusikiliza mlio wa panga lile, mkavu na wa haraka, bila kurudia.

Tukirudi, ukifika kwenye mfereji wa maji karibu na nyumba, panga lilihamia tena mkono wa kulia. Ulisalimia kwa kulia, ulikula kwa kulia, ulimpokelea bibi kikombe kwa kulia huku wa kushoto ukishika kigasha kwa adabu. Nilidhani kila baba ana mikono ya namna hiyo, mmoja wa nyumbani na mmoja wa shambani.

Nilipoanza kuandika, kalamu ilikwenda yenyewe kushoto. Mwalimu alimwambia mama, mama akamwambia bibi, na bibi alikuwa na dawa yake. Alichana kamba kutoka kwenye gome kavu la mgomba, akanifunga mkono wa kushoto kiunoni, akanikalisha jikoni na daftari. Sikulia. Nilikuwa nashangaa tu jinsi mkono wa kulia ulivyokuwa mzito, kama umelala. Ukaingia ukitoka zamu ya asubuhi, nguo zako zikinuka majani ya chai, ukatutazama sisi wawili.

"Mama, huyu mwache," ulisema.

"Na wewe nilikufunga hivi hivi, ukapona."

"Sikupona, mama. Nilijificha."

Bibi alifikiri kidogo, akasema, "Basi na yeye ajifiche." Ukacheka, na yeye akacheka, na hapo ndipo ulipopiga goti ukafungua ile kamba. Kisha ukaniwekea sheria ambayo nimeishika mpaka leo. Kula, kusalimia, kupokea na kutoa, mkono wa kulia, hasa mbele ya watu wazima. Kalamu ni yangu. "Kalamu haimsalimii mtu," ulisema.

Nimefika chuo kikuu kwa mkono huo, Baba, na sasa nawafundisha watoto wa watu kwa mkono huo huo. Huwa wanashangaa nikiandika ubaoni.

Kiwandani hukuweza kujificha sana. Najua kwa sababu ya Bwana Salumu, fundi wa mitambo, ambaye babu yake alikuja Tukuyu kutoka pwani na cherehani, wakabaki hapa hapa. Yeye hakukuita kwa jina. Alikuita Shoto. Siku za Jumapili, sisi tukiwa tumetoka kanisani, alikuwa anakuja kukaa barazani na wewe, na mama akimletea ndizi na maharage alikuwa hakosi la kusema.

"Shemeji, huyu mumeo ana mke wa pili kule kiwandani. Ndiye anayemfanyia kazi zote. Akifika hapa kwako, anamficha mfukoni."

Mama alikuwa anajifunika mdomo kwa kanga. "Abaki huko huko na mke wake. Hapa asinilete naye."

Mama alicheka, lakini hakutaka utani ule mbele ya wageni wengine. Kwake kuolewa na mashoto kulikuwa jambo dogo ambalo mtu hana haja ya kulitangaza, kama kuvaa nguo ya ndani yenye kiraka.

Bwana Salumu ndiye aliyenieleza ile kona. Mkanda unaopeleka majani kwenye mashine ya kusokota ulipita karibu na ukuta, na majani mabichi yaliganda pale. Mtu wa mkono wa kulia alilazimika kuzunguka au kusimamisha mkanda. Wewe ulisimama ukutani, ukanyoosha wa kushoto, ukayasukuma, kazi ikaendelea. Kwa hiyo kila mkuu wa zamu aliyekuja alikupanga pale, miaka yote, na hakuna aliyeandika kwa nini. Kwenye kitabu ulikuwa mfanyakazi wa mkandani kama wengine.

Siku ile nilikuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Mvua zilikuwa nyingi na majani yalikuwa mengi mno. Namkumbuka Bwana Salumu akipanda njia yetu mchana na ovaroli lake, hakupiga hodi, akasema, "Shemeji, yuko hai. Anza na hilo." Halafu akakaa chini kwenye ngazi. Mkanda ulichukua vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na cha nne kilichobaki hakikukunjika tena.

Watu walikuja wengi, Baba, wengine hata kutoka Lufingo. Walileta mikungu ya ndizi, walileta maziwa, waliomba. Na kila mmoja, akikutazama pale kwenye kiti na bendeji, alitafuta neno la kukufariji na akapata lile lile.

"Afadhali ni wa kushoto."

"Mungu amekuachia wa kulia. Utashika jembe."

"Ndaga," uliwajibu. Ndaga, ndaga, asante kwa kila mmoja, huku umekitazama kikombe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Kati ya wote waliokuwa ndani ya nyumba ile, bibi akiwa ameshatangulia, ni wewe, mama na mimi tu tuliojua kwamba umepoteza mkono unaofanya kazi, na sote watatu tulinyamaza kana kwamba tumepangana.

Sasa nifike pale ambapo ninaumia.

Kiwanda kilitoa taarifa ya ajali kwenye mfuko wa fidia kama inavyotakiwa, na kidonda kilipofunga ukaitwa kwa daktari wa tathmini. Ulivaa koti lako la harusi. Uliniomba nikusindikize kwa sababu, ulisema, mimi najua kusoma zile fomu. Njiani ulikuwa na furaha kidogo. Ulinionyesha shule ambako uliruka ukuta ukafukuzwa wiki nzima, ukanionyesha nyumba ya mtu uliyetaka kumuoa kabla ya mama. Nilicheka nikakwambia nitakusemea kwa mama. Ukasema, "Anamjua. Ndiyo maana hatupiti njia hii."

Daktari alikuwa mpole. Alikuita mzee, alikushika mkono kwa uangalifu, akapima kila kidole kilichobaki. Kisha akachukua kalamu.

"Mzee, wewe unatumia zaidi mkono gani?"

Ulikuwa umeuweka wa kulia juu ya goti. Uliutazama.

"Huu, daktari."

"Wa kulia?"

"Naandika kwa huu. Nakula kwa huu."

Yote mawili yalikuwa kweli. Nimeyarudia mara nyingi maneno yako yale na kila mara nakuta hakuna uongo ndani yake. Hukusema unafanyia kazi upi. Mbele ya mtu mkubwa, mwenye koti jeupe, aliyekushika mkono kwa heshima, hukuweza kutamka kwamba wewe ni mashoto, kama vile usingeweza kumpa kitu kwa mkono huo. Nilikuelewa. Nilikuelewa haraka mno.

Daktari aliandika. Halafu akanigeukia mimi. "Dada, kuna la kuongeza?"

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Nilikuwa mtu wa kusimama mbele ya darasa na kubishana na wahadhiri. Nikamtazama daktari nikasema, "Hapana."

Ningekusahihisha vipi mbele ya mtu, Baba? Hilo ndilo nililojiambia. Lakini nimekaa na hapana ile miaka mitatu na sijiambii tena hivyo. Nilikuwa na aibu, na haikuwa yako tu. Niliogopa akinitazama na mimi mikono.

Fidia ya vidole ilikuja, mama akapaua upya jiko, na watu wakasema serikali imekumbuka. Ikaja na karatasi. Mkono anaoutumia ni mzima, ilisema, kwa hiyo anaweza kuendelea na kazi yake ya awali. Basi ukaendelea. Ulirudi kwenye mkanda ule ule, na mkono wa kulia ambao kazi yake yote duniani ilikuwa kusalimia watu, kula, na kuandika jina lako.

Likizo iliyofuata nilikukuta kwenye migomba. Nilisikia panga kwanza, nikajua si wewe. Lilipiga, likatulia, likapiga tena. Nilijificha nyuma ya mgomba, mtu mzima mimi, nikakutazama ukiufundisha mkono wa kulia. Migomba ilikuwa na majeraha mahali ambapo hukuwahi kukata. Ulikuwa umetoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtoto anayejifunza kuandika herufi. Ulipomaliza mgomba mmoja ulikaa juu ya kisiki chake ukahema. Nilirudi nyumbani kimyakimya, nikatoka tena nikiimba ili unisikie nikija.

Kisha ikaja barua ya kiwanda. Kushindwa kufikia kiwango cha kazi, uzembe, na kwa sababu hizo ajira imesitishwa. Mama alinitumia picha yake nikamsomea kwa simu, maana yeye hakukaa shule na wewe hukutaka kuisoma kwa sauti. Nilisikia pumzi yako nyuma yake. Neno lile moja, uzembe, uliliweka ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati, na tangu siku hiyo kanisani ulihamia benchi la nyuma. Hakuna aliyekufukuza mbele. Ulihama tu.

Baridi ya mwezi wa saba ikakushika kifua. Hayo siyaandiki, tulikuwa wote.

Baada ya matanga mama alinipa kazi ya kupanga nguo zako. Kwenye mfuko wa ndani wa lile koti la harusi nilikuta karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya kuomba tathmini ipitiwe upya. Bwana Salumu aliniambia baadaye kwamba ni yeye aliyekuletea, akakugombeza kutwa nzima, na wewe ukamwambia utaona. Baba, uliijaza. Jina, kijiji, kiwanda, sehemu ya kazi, siku ya ajali, vyote kwa ule mwandiko wako wa mkono wa kulia unaoinama kama nyasi kwenye upepo. Ulijaza kila mahali isipokuwa mstari mmoja. Mkono autumiao zaidi mfanyakazi. Pale palikuwa na vidoti vitatu vya wino, ulipoiweka kalamu, ukaiondoa, ukaiweka tena.

Nilikaa sakafuni na zile nguo mpaka mama akaja kuniita.

Nilikwenda kuuliza. Waliniambia fomu inaweza kupokelewa ingawa mwenyewe amefariki, na mjane na watoto wanaweza kuifuatilia, mradi familia na mtu wa kazini waeleze kwa maandishi kile kilichokosewa. Nilirudi na habari hiyo kwa mama, naye alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Unataka waandike baba yako alimdanganya daktari?"

"Wameshaandika alikuwa mzembe, mama."

"Mzembe majirani wanajua hakuwa. Hilo la mkono hawalijui." Akatupa ganda. "Mtu amelala. Ameondoka na heshima yake. Wewe unataka kumvua."

"Fomu aliijaza mwenyewe."

"Akaacha pale. Mtu akiacha kitu, ameacha." Kisha akanitazama sasa, na kisu mkononi. "Na wewe si ulikuwepo? Ulisema nini?"

"Nilisema hapana."

"Basi."

Akaendelea kumenya. Nilisaidia, sote wawili tukimenya kwa kulia, na mimi polepole kuliko yeye. Hakuniambia niende wala nisiende. Nilimwambia tu nitakwenda Jumanne, asubuhi, na kwamba kitakachotoka kitakuwa chake, lakini mimi sikifuati hicho. Nataka lile neno lifutwe, nikamwambia, na haliwezi kufutwa mpaka hili jingine liandikwe. Alikusanya maganda akaenda kuwapa ng'ombe.

Jumanne nikiwa nje ya ofisi namsubiri Bwana Salumu, nilimwona mama akishuka barabara na mwavuli, amevaa kitenge cha Pasaka. Alikuwa ameondoka Kyimo mapema, peke yake.

"Nitakaa tu," alisema. "Siongei."

Afisa alikuwa kijana wa rika langu, mwenye haraka lakini si mkorofi. Alisema hawezi kuahidi kitu, wakubwa ndio watakaoangalia. Bwana Salumu alitoa maelezo yake kwanza. Alieleza ile kona, mkanda, ukuta, na jinsi ulivyosimama. Alisema umri wake wote kiwandani hajaona mtu mwingine aliyeweza kuisafisha bila kuzunguka, na tangu uondoke pale wamelazimika kuhamisha mkanda. Hilo nililisikia kwa mara ya kwanza. Wamehamisha mkanda, Baba. Kwa sababu yako walikuwa hawajaona kwamba mkanda wenyewe umewekwa vibaya.

Kisha zamu yangu. Nilimpa afisa kitambulisho kwa mkono wa kulia, nikapokea karatasi kwa mkono wa kulia, kama ulivyonifundisha. Nikachukua kalamu kwa mkono wangu. Nilihisi mama akiutazama. Niliandika kwamba baba yangu aliandika na kula kwa mkono wa kulia kwa sababu ndivyo alivyolelewa kuheshimu watu, na kwamba alifanya kazi kwa wa kushoto tangu utoto, shambani na kiwandani. Niliandika kwamba siku ya tathmini nilikuwepo, nikaulizwa, nikasema hapana, na kwamba jibu hilo halikuwa kweli na ni langu mimi, si lake.

"Kumbe dada ni mashoto," alisema afisa.

"Nimerithi kwa baba."

Akasoma maelezo yote kwa sauti, maana mama anatakiwa aelewe kabla ya kuweka alama yake. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilijua akikataa sitambishia, nitaikunja ile karatasi mara nne na kuirudisha kwenye koti. Afisa alifungua kisanduku cha wino akakisogeza mbele yake. Mama alitoa mkono wa kulia chini ya kanga, ukafika mpaka karibu na wino, ukasimama.

"Dole la mkono gani?"

"Wowote, mama. Mradi lionekane."

Akaurudisha wa kulia ndani ya kanga. Akatoa wa kushoto.

"Huu," alisema. "Mume wangu alitulisha kwa huu."

Alibonyeza kwa muda mrefu, mpaka afisa akasema inatosha. Tulipotoka nje Bwana Salumu alivaa kofia yake, akamgeukia mama.

"Kwa hiyo shemeji, mke wa pili umempokea."

"Nyamaza wewe," alisema mama, na akajifunika mdomo kwa kanga, kwa mkono wenye wino.

Majibu hayajatoka. Yanaweza kuchelewa, na yanaweza kuwa hapana, na hiyo hapana nitaichukua, maana si ile yangu. Mama aliniambia kwa simu kwamba Jumapili alikaa benchi lenu la zamani, la mbele, na hakuna aliyemwuliza. Jumamosi nakuja. Migomba iliyo karibu na wewe imefungamana na majani makavu yameshuka mpaka chini, na yale majeraha uliyoyaacha yameota ngozi mpya. Panga lako nimeomba linolewe. Nitalishika kwa mkono wetu tangu nyumbani, nipite nalo hivyo mferejini, na anayetaka kutazama atazame. Utasikia mlio wake. Nikikosea kukata, ujue ni kukosa uzoefu tu.

Pumzika, Baba, na uipumzishe mikono yote miwili.

Ni mimi binti yako, uliyemfungua kamba.